Reli ya Zamani Kugeuzwa Njia ya Tramu: Jibu kwa Mwalimu wa Malindi

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Malindi. Kengele yetu ni kipande cha reli kilichotundikwa kwenye mwarobaini, na kila kikigongwa kuna mwanafunzi wa darasa la saba ambaye huniuliza kilitoka wapi, ilhali treni haijawahi kufika kwetu. Katika kumtafutia jibu nikasoma kwamba miji mingine imechukua reli zilizoachwa na kuzigeuza kuwa njia za tramu, yale magari ya abiria ya umeme yanayopita juu ya reli mjini. Wanafanya nini hasa na hiyo reli ya zamani? Njia ya zamani ya Mombasa inaweza kugeuzwa hivyo, na tramu ikatufikia Malindi? Na ikipita mjini, watoto wanaovuka watakuwa salama?

Jibu: Mwalimu, nianze na hiyo kengele, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo ndani yake. Chukua brashi ya chuma na mafuta ya taa kidogo, usugue kiuno cha reli hiyo, yaani ile sehemu nyembamba iliyo kati ya kichwa kinachokanyagwa na gurudumu na kitako kinachokalia mataruma, yale magogo yanayolazwa chini ya reli. Viwanda vilikuwa na desturi ya kuchapa hapo jina lao, mwaka na uzito wa reli. Njia iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani, pale panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901, ililazwa kwa reli za ratili 50 kwa kila yadi, ambazo ni kama kilo 25 kwa mita. Injini zilipoongezeka uzito reli hizo nyepesi ziling'olewa zikawekwa nzito zaidi, na vipande vyake vikatawanyika nchi nzima vikawa nguzo, mihimili ya paa na kengele za shule, kwa hiyo yenu inaweza kabisa kuwa mojawapo. Reli inayozikwa barabarani kwa ajili ya tramu siku hizi ina kilo 60 hivi kwa mita, na kichwani imechongwa mfereji wa kupitishia ukingo wa gurudumu ili lami au zege iweze kumwagwa hadi usawa wake. Mwanafunzi wako akiuliza kama kipande hicho kingeweza kurudi kazini, mwambie kimestaafu kwa haki.

Hapo ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalioni wanaposikia habari hizi. Mji unaogeuza reli kuukuu kuwa tramu kwa kawaida haurithi chuma chochote cha maana. Unachorithi ni ukanda wa ardhi: ulionyooka, uliosawazishwa miinuko yake tangu enzi za mvuke, wenye hati moja badala ya mia tano, na unaopenya hadi karibu na kitovu cha mji bila kubomoa nyumba ya mtu. Vingine vyote, kuanzia reli, mataruma, ishara hadi majukwaa, mara nyingi huondolewa.

Mfano ninaoupenda ni wa Dublin, Ireland. Njia ya Harcourt Street ilifunguliwa mwaka 1854 na kufungwa siku ya mwisho ya mwaka 1958, na muda si mrefu reli zake zikang'olewa. Tuta lilibaki likimea nyasi, pamoja na daraja la mawe la matao tisa pale Milltown, lililosimama miongo minne na ushei bila kupitiwa na treni hata moja. Tarehe 30 Juni 2004 tramu ya mji huo, iitwayo Luas, ilianza kupita juu ya tuta hilohilo na juu ya daraja hilohilo. Palipokuwa pamebadilika mno, kwenye makutano makubwa ya barabara ya Dundrum, ilibidi lijengwe daraja jipya la kuning'inizwa kwa nyaya. Kama tuta lote lingekuwa limegawanywa viwanja, sidhani kama kungekuwa na mradi wa kuzungumzia.

Nayajua haya kwa macho yangu pia. Niliwahi kutumwa na wenzangu kupima kipande cha njia kilichokuwa kimefungwa miaka mingi, nacho kwenye ramani kilionekana safi kama mkeka uliotandikwa. Tulipofika tulitafuta vigingi vya zege vya mpaka asubuhi nzima bila kuviona. Viwili tulivipata jikoni kwa mama mmoja, vimekuwa mafiga, sufuria ya maharagwe juu yake, naye akatuambia kwa upole kwamba alivikuta shambani alipohamia na hakuna aliyewahi kuja kuviulizia. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kupima upya, kutambua nani yuko ndani ya mpaka tangu lini, na kuwalipa wanaostahili kulipwa, ndiyo kazi ya kwanza ya mradi wowote wa namna hii, na huchukua muda mrefu kuliko kulaza reli.

Baada ya hapo ndipo mafundi wanapoingia, nao huanza na maji. Tuta la zamani huwa limeziba mitaro yake, kokoto zimejaa vumbi na mizizi, na makalvati yamekaliwa na nyuki. Kokoto chafu hushika maji, na tuta lenye maji hubonyea chini ya mzigo hata ukilaza juu yake reli ya dhahabu. Kwa hiyo kokoto huchekechwa au kutupwa, mitaro hufukuliwa, na madaraja hukaguliwa moja moja. Habari njema ni kwamba daraja lililobuniwa kubeba injini ya mvuke kwa kawaida halisumbuliwi na uzito wa tramu; kinacholisumbua ni kutu na viungo vilivyolegea.

Swali linalofuata huwa la upana wa reli, yaani umbali kati ya reli mbili za njia, na hapa kwetu limezungukwa na dhana potofu. Watu wengi wameshaamini kwamba reli ya mita moja, kama ile ya zamani ya Kenya, ni ya kizamani kwa asili yake, na kwamba chochote cha kisasa sharti kiwe na milimita 1,435, kama reli mpya ya SGR. Tramu zote za Zürich, Uswisi, hukimbia juu ya reli ya mita moja, na hakuna anayeziita za kizamani. Melbourne, Australia, ilipogeuza njia zake za St Kilda na Port Melbourne mwaka 1987, ilibana reli kutoka milimita 1,600 hadi 1,435 na kushusha umeme kutoka volti 1,500 hadi 600, lakini sababu ilikuwa moja tu: mtandao wa tramu uliokwishakuwapo mjini ulikuwa wa vipimo hivyo, na njia mpya ilipaswa kuungana nao. Mji usio na tramu yoyote hauna sababu hiyo. Toyama, Japani, ilirithi reli ya milimita 1,067 na ikaiacha ilivyo.

Nikae kidogo hapo Toyama, maana pana funzo ambalo picha za magari yanayong'aa hazilionyeshi. Njia ya bandari ya mji huo ilikuwa imedhoofika. Treni zilipita mara moja au mbili kwa saa, na abiria walikuwa wakipungua mwaka hadi mwaka. Aprili 2006 ilifunguliwa upya kama tramu yenye urefu wa kilomita 7.6. Kati ya hizo, kilomita 6.5 hivi zilikuwa za reli ya zamani, na moja na kitu ilikuwa mpya kabisa, imelazwa katikati ya barabara. Gari likaanza kupita kila dakika 15, vituo vikaongezwa, na abiria wa siku za kazi wakazidi maradufu. Njia ni ileile, watu ni walewale, na reli bado ni moja yenye sehemu za kupishana. Kilichobadilika ni kwamba mtu hakuhitaji tena kukariri ratiba, na kwamba gari lilimfuata barabarani.

Manchester, Uingereza, jambo hili linaonekana wazi zaidi. Mji huo ulikuwa na stesheni mbili kubwa, Victoria upande mmoja na Piccadilly upande wa pili, zote zikiwa pembezoni mwa kitovu cha mji na zisizounganishwa moja kwa moja. Abiria aliyetoka Bury kwa treni alishuka Victoria na kumalizia safari kwa miguu au kwa basi. Mwaka 1992 njia ya Bury na ile ya Altrincham ziligeuzwa kuwa tramu, na kipande kifupi cha reli kikazikwa katika barabara za katikati ili kuziunganisha. Kipande hicho kifupi ndicho kilichozipa thamani zile kilomita nyingi za reli ya zamani zilizokuwa pande zake mbili. Treni haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa huhitaji kona pana na mwinuko mdogo. Tramu hupinda kwenye kona ya nusukipenyo cha mita 25 tu na kupanda mwinuko wa asilimia sita au zaidi bila kulalamika.

Manchester hiyohiyo inatufundisha pia jinsi stesheni za zamani zinavyoweza kuutawala mji mpya. Majukwaa ya Bury na Altrincham yalikuwa ya juu, karibu sentimita 90, na ili yasivunjwe magari yakanunuliwa yenye sakafu ya juu. Matokeo yake ni kwamba katikati ya mji pia ilibidi yajengwe majukwaa ya juu yenye ngazi na mitelemko, yanayokaa barabarani kama jahazi lililopandishwa pwani. Croydon, kusini mwa London, walifungua yao mwaka 2000 na wakachagua kinyume: majukwaa ya zamani yakaondolewa, yakajengwa ya sentimita 35, ambayo mzee mwenye bakora au mama mwenye mtoto huyapanda kama kizingiti cha nyumba. Mimi ningechagua la Croydon bila kusita.

Kuna jambo moja la umeme ambalo mkazi wa pwani anapaswa kulijua kuliko mkazi wa bara. Tramu hutumia umeme wa mkondo mnyoofu, ule unaokwenda upande mmoja kama wa betri, na siku hizi huwa wa volti 750. Umeme huingia garini kutoka waya wa juu na kurudi kwenye kituo chake kwa kupitia reli zenyewe. Reli iliyolala juu ya kokoto kavu huushika vizuri. Ikizikwa kwenye udongo wenye unyevu na chumvi, sehemu ya umeme huponyoka na kutafuta njia nyepesi zaidi ya kurudi, na njia hiyo mara nyingi ni bomba la maji la chuma lililopita karibu. Unapoingia bombani haudhuru sana. Unapotoka ndipo unapokula chuma, kidogo kidogo, hadi bomba litoboke kuanzia nje. Jaribio lake unaweza kulifanya darasani: misumari miwili ndani ya bakuli la maji ya chumvi, kila mmoja umefungwa kwenye ncha moja ya betri. Baada ya muda, msumari ulio upande wa chanya utaanza kulika na maji kugeuka rangi ya kutu, wakati mwenzake umebaki mzima. Sasa fikiria mabomba yanayoleta maji ya Baricho hadi Malindi, Kilifi na Mombasa, na ardhi yetu ya matumbawe inayofyonza chumvi. Tiba ipo na inajulikana: reli hufungwa gamba la mpira pande zote kabla ya kumwagiwa zege, na umeme unaovuja hupimwa mara kwa mara. Lakini gamba hilo ni miongoni mwa vitu vinavyokatwa kwanza mkandarasi anapoambiwa apunguze gharama, kwa sababu likishazikwa hakuna anayeliona.

Sasa Mombasa. Kwanza nikwambie kwamba pwani yetu imewahi kufanya jambo hili, japo kwa namna ya kuchekesha. Mwaka 1890 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ilianza kulaza reli nyembamba ya futi mbili kutoka Mombasa kuelekea bara, ikakoma baada ya maili saba hivi. Reli hizo ziling'olewa na kurudishwa kisiwani, zikawa njia za troli: viti vya benchi chini ya kibanda cha turubai, abiria ameketi, na vijana wanaosukuma kwa mikono. Reli iliyoshindwa ikawa usafiri wa mjini, miaka mia moja kabla ya Manchester.

Njia ya mita inayotoka stesheni ya zamani kisiwani, ikavuka Makupa na kwenda Changamwe na Miritini, ina sifa kadhaa ambazo mpangaji wa tramu angezitamani. Ukanda upo, na tangu mwaka 2017 abiria wa reli mpya ya Nairobi hushukia Miritini, nje ya kisiwa, wakiwa na mizigo na hamu ya kufika mjini. Hata hivyo njia hiyo ilijengwa kwa ajili ya bandari. Inapita kwenye maghala na matangi ya mafuta ya Shimanzi kuliko inavyopita milangoni mwa watu, na stesheni yake haigusi feri ya Likoni wala daraja la Nyali. Kuigeuza tramu bila kuongeza kilomita mbili tatu za barabarani kuelekea pande hizo kungekuwa ni kununua magari mapya ya kuwapeleka watu mahali palepale ambapo hawakutaka kushuka. Zaidi ya hayo, sharti ijulikane kwanza kama mabehewa ya mizigo yataendelea kuitumia. Karlsruhe, Ujerumani, wameruhusu tangu mwaka 1992 magari ya tramu yatoke mjini na kuingia kwenye reli kuu pamoja na treni za kawaida, yakibadili umeme njiani kutoka volti 750 hadi volti 15,000, lakini hilo lilidai magari maalumu, ishara makini na magurudumu yaliyochongwa yafae pointi za reli (pale njia zinapogawanyika) na mfereji wa barabarani kwa pamoja. Gurudumu jembamba la tramu likikutana na pointi pana za reli ya zamani huweza kutumbukia kwenye pengo.

Kwa maoni yangu Mombasa ingefaidika kwanza na jambo dogo zaidi: njia hiyo ikarabatiwe, ipitwe na treni fupi zisizokawia, na ukanda wake ulindwe. Nairobi ilifuata mkondo huo mwaka 2020 iliponunua magari ya dizeli yaliyokwishatumika kisiwani Mallorca, Hispania, ambako reli pia ni ya mita moja, na si aibu kununua mtumba unaokutosha. Addis Ababa, iliyojenga tramu yake upya kabisa na kuifungua mwaka 2015, ilijikuta miaka iliyofuata ikiwa na magari mengi yaliyosimama kwa kukosa vipuri. Tramu hudai karakana, mafundi na bajeti ya kila mwaka.

Ama kuhusu kufika Malindi, jibu langu ni hapana, na sababu yake ni hesabu ya darasa la saba. Kutoka Mombasa hadi kwenu ni kama kilomita 120. Tramu inayosimama vituoni huenda kwa wastani wa kilomita 30 kwa saa ikiwa na njia yake peke yake, kwa hiyo safari ingechukua saa nne, na hakuna atakayeacha matatu ya saa mbili na nusu ili akae garini saa nne. Umbali huo ni kazi ya treni, na treni ingehitaji madaraja yake yenyewe juu ya hori za Mtwapa na Kilifi, kwani yaliyopo yalijengwa kwa ajili ya magari. Tramu ndani ya Malindi yenyewe, tuseme kutoka Gede kupita uwanja wa ndege na sokoni hadi ng'ambo ya mto Sabaki, ni wazo linaloweza kuchorwa, lakini leo abiria wa njia hiyo wanatoshwa na mabasi madogo na tuk-tuk.

Kinachoweza kufanywa leo, tena kwa gharama ya karatasi na vigingi, ni kutenga ukanda kabla haujajengwa. Lamu, jirani zenu, wana mpango wa LAPSSET, ushoroba wa kuiunganisha bandari ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ambao ndani yake imo reli ya kwenda Isiolo. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021, reli haijajengwa, na mabishano makali yamekuwa juu ya ardhi na fidia. Wanajadiliana mapema, na hiyo ni afadhali kuliko kuja kugombana na mama mwenye mafiga baadaye. Unguja walikuwa na reli ya Bububu tangu mwaka 1905; ilipokufa miaka ya 1920 haikufufuliwa tena. Kaunti yenu ikitayarisha mpango wa matumizi ya ardhi, hudhuria kikao cha wananchi uulize swali moja: je, kuna ukanda wa upana wa mita 15 au 20 uliotengwa sambamba na barabara ya Mombasa kwa usafiri wa baadaye, na umeandikwa kwa jina la nani?

Limebaki la watoto. Waya wa juu hukaa mita tano au sita kutoka ardhini, na reli iliyojengwa ipasavyo haimpigi mtu umeme hata akiikanyaga peku wakati wa mvua. Hatari ya kweli ni gari lenyewe, kwa kuwa halina sauti ya kutisha na haliwezi kukwepa. Hata hivyo tramu hufunga breki tofauti na treni: mbali na magurudumu, ina sumaku zinazoshuka na kung'ang'ania reli. Ikiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, breki kali za dharura huisimamisha ndani ya mita 40 hivi, ilhali treni ya kawaida kwa mwendo huohuo ingehitaji mita 120 au zaidi. Mita 40 hazifiki nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Watoe nje mwaweke mawe mawili kwa umbali huo, mmoja asimame kwenye jiwe la kwanza, kisha wakadirie wenyewe ni wakati gani si salama kuvuka.